Manufaa ya Nani? Hukumu Iliyojificha Katika Maneno ya Kiingereza

Katika kazi ya kutafsiri habari za siasa kutoka Kiingereza, hakuna kundi la maneno linalonisumbua kama lile linaloeleza maamuzi ya mtu anayetazama kwanza kitakachomfaa. "Expedient", "pragmatic", "politic", "shrewd", "opportunistic": kamusi huyafafanua kwa maelezo yanayokaribiana mno, na mfasiri mwenye haraka huyageuza yote kuwa "manufaa" au "faida", kisha akaendelea na aya inayofuata. Mwandishi wa Kiingereza anapochagua mojawapo ya maneno hayo huwa ameshamhukumu mtendaji, na hukumu hiyo ikipotea njiani, msomaji wetu hupewa habari nyingine kabisa.

Chukua sentensi ambayo hukutana nayo mara kwa mara katika tahariri, kwamba uamuzi fulani wa waziri ulikuwa "politically expedient". Tafsiri inayoletwa mezani kwangu mara nyingi husema kwamba uamuzi huo "ulikuwa na manufaa ya kisiasa". Kisarufi haina kosa, lakini msomaji wa Dodoma au Mombasa ataielewa kwamba waziri ameiletea nchi jambo jema, ilhali mwandishi wa asili alikuwa analaumu. Alitaka kusema kwamba waziri alitafuta cha kumwokoa kwa wakati ule na kuliweka kando lile alilojua kuwa ni haki. Lawama imegeuzwa sifa bila mtu yeyote kukusudia.

Mwanafalsafa John Stuart Mill aliliona jambo hili mwaka 1861, alipoandika kuitetea nadharia yake ya maadili inayopima matendo kwa furaha yanayoiletea jamii. Wapinzani wake waliishusha hadhi nadharia hiyo kwa kuiita mafundisho ya "expediency". Mill akajibu kwamba neno hilo, likisimamishwa kinyume cha haki, kwa kawaida humaanisha kinachomfaa mtendaji mwenyewe, na akatoa mfano wa waziri anayeyatoa kafara maslahi ya nchi yake ili abaki kwenye cheo. Naupenda mfano huo kwa sababu unatupa maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutafsiri: anayenufaika ni nani, na kilichoachwa ili manufaa hayo yapatikane ni nini?

Neno lenyewe halikuzaliwa na lawama. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "expedire", yaani kuinasua miguu iliyofungwa au iliyonaswa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Kayafa, kuhani mkuu aliyetaka Yesu auawe, analitumia anapoliambia baraza la Wayahudi kwamba inawafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yohana 11:50), na sura chache mbele Yesu analitumia neno hilohilo kuwaambia wanafunzi kwamba yawafaa yeye aondoke (Yohana 16:7). Paulo naye anawaambia Wakorintho kwamba vitu vyote ni halali, lakini si vyote vifaavyo. Kitenzi cha Kigiriki ni kilekile katika sehemu zote tatu, na waliotupa Biblia ya Kiswahili ya Union walikuwa waangalifu, wakatumia "kufaa" kila mahali. Leo tafsiri nyingi za Kiingereza cha kisasa zimeliacha neno "expedient" katika aya ya Yesu na kuandika kwamba ni heri kwao, au ni kwa faida yao. Sababu naiona wazi: msomaji wa sasa akilikuta neno hilo kinywani mwa Yesu atashtuka, kwa kuwa limekwisha kuzoea kusemwa na akina Kayafa.

"Pragmatic" limetembea kinyume chake. Katika karne ya 17 Mwingereza akimwita mtu "pragmatical" alimaanisha mdakizi, anayejiingiza katika mambo yasiyomhusu na kujiona anajua kila kitu. Lilipanda hadhi baadaye, na wanafalsafa wa Marekani walichangia, hasa William James aliyelitumia neno "pragmatism" katika mhadhara wake wa mwaka 1898 huko California kuitangaza falsafa ambayo Charles Sanders Peirce alikuwa ameiasisi. Sasa ni sifa. Mwanasiasa anayeitwa "pragmatic" anasifiwa kwa kutazama hali halisi na kukubali nusu ya alichokitaka ili asikose chote, akiwa bado analikumbuka lengo lake.

Tofauti ya maneno haya mawili inaonekana vizuri katika matukio ya Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 23 Agosti 1939 Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin, zilizokuwa zimetukanana kwa miaka, zilitia saini mkataba wa kutoshambuliana, na kwa siri zikakubaliana namna ya kuigawana Poland. Ukisema makubaliano hayo yalikuwa "expedient", hakuna atakayebisha. Kila upande ulinasua mguu wake, na aliyelipa gharama alikuwa jirani. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Juni 1941, Hitler aliishambulia Urusi, na usiku uleule Winston Churchill akatangaza redioni kwamba Uingereza itamsaidia Stalin. Churchill alikuwa adui wa ukomunisti kwa robo karne, na katika hotuba hiyohiyo alisema kwamba hafuti neno hata moja alilowahi kulisema dhidi yake. Hapo ndipo ninapoona "pragmatic" likistahili. Msimamo haukukanwa, lengo lilitajwa hadharani, na aliyetarajiwa kunufaika alikuwa yeyote aliyetishwa na Hitler, kuanzia na Waingereza wenyewe. Wapo wanaouita uamuzi huo pia "expedient", hasa wanapofikiria yaliyoipata Ulaya ya Mashariki baada ya vita, na mfasiri anapaswa kuiacha lawama yao isikike kama walivyoiandika.

Churchill huyohuyo alikuwa amewahi kuitwa mengine. Tarehe 31 Mei 1904 alivuka ukumbi wa Bunge, akakiacha chama chake cha Wahafidhina na kuketi upande wa Waliberali. Serikali ya Wahafidhina ilianguka Desemba 1905, naye akapewa unaibu waziri wa makoloni katika serikali mpya. Waliomchukia walimwona "opportunist". Waliomtetea walikumbusha kwamba tangu 1903 alikuwa akipinga hadharani mpango wa Joseph Chamberlain wa kuongeza ushuru wa forodha, kwa kuwa aliamini katika biashara huria. Tukio ni moja na tarehe ni moja. Kinachobadilika ni jibu la swali kama imani ilitangulia cheo au cheo kilitangulia imani.

Kwa "opportunist" Kiswahili hakina upungufu wowote. Inasemekana asili ya neno hilo katika Kilatini ni upepo unaovuma kuelekea bandarini, na watu wa pwani yetu walishasema zamani kwamba bendera hufuata upepo. Tuna kigeugeu, tuna mchumia tumbo. Nasikitika ninapoona mwandishi wa Kiswahili akiyaacha maneno haya na kuandika "mtafuta fursa", kwa sababu siku hizi kutafuta fursa ni jambo tunalowahimiza vijana wetu walifanye.

"Shrewd" na "politic" hayanisumbui sana. La kwanza lilimaanisha mwovu katika Kiingereza cha Zama za Kati na leo humaanisha mwerevu mwenye jicho kali; la pili ni busara ya kujua lipi lisemwe na lipi linyamaziwe.

Kwa "expedient" yenyewe, katika habari za siasa, nimeamua kuifuata asili yake ya Kilatini: "uamuzi wa kujinasua kisiasa". Kitenzi "kujinasua" kinabeba mtego, haraka, na mtendaji anayejifikiria mwenyewe, na hakidai kwamba njia aliyoipita ni ya haki. Sentensi ikiruhusu urefu, naongeza "bila kujali haki".

Katika sheria, hata hivyo, kanuni hiyo haifai kabisa, na jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Sheria za Kenya na Tanzania zimerithi kutoka kwa Waingereza maneno "necessary or expedient", yanayompa waziri au mahakama uwezo wa kuchukua hatua atakayoiona ni ya lazima au inafaa. Humo neno limebaki na usafi wake wa mwaka 1611. Tangu Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kazi ya kuzitafsiri imekuwa kubwa, na mfasiri aliyezoea magazeti akiingia humo na lawama yake atakuwa ameandika kwamba Bunge limemruhusu waziri kujinasua. Hapo iandikwe "inafaa" tu, kama walivyoandika watafsiri wa Biblia.