Kila kichwa na shilingi yake?

Leo kwenye boti ya kwenda Faza, kisiwani Pate hapa Lamu, kulizuka mjadala wa pesa ambazo serikali kuu ya Kenya huzigawia kaunti. Kijana mmoja anayesoma Nairobi akasema haki ni kugawa kwa idadi ya watu, basi. Kila kichwa na shilingi yake. Mama aliyekaa karibu na mashine akamuuliza, "Mwanangu, na mafuta ya boti ya mgonjwa yahesabiwa kichwa gani?" Tukacheka.

Lakini mama ana hoja. Sensa ya 2019 ilituhesabu Lamu watu 143,920, wachache kuliko kaunti yoyote kati ya 47. Zahanati ya kisiwani yataka muuguzi, dawa na umeme hata kama watu ni wachache, na mgonjwa wa Kizingitini, kisiwani Pate, hafiki hospitali kuu ya Lamu kwa bodaboda. Ndiyo maana fomula ya kugawa pesa hizo hutazama pia umaskini, ukubwa wa eneo na fungu sawa kwa kila kaunti. Mwaka 2020 maseneta waligombana kwa wiki nyingi juu ya fomula hiyo.

Nikamwambia kijana (nilishindwa kunyamaza) kuwa sera ya serikali ya 1965 ilielekeza pesa kwenye maeneo yatakayozalisha zaidi. Sisi tukabaki kutazama. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoleta Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme wa waliosahaulika. Lamu ilikuwamo katika kaunti 14 za mwanzo kuwekwa kwenye mfuko huo.

"Sasa mbona hatuzioni?" akauliza.

Wazee walichojibu hakiandikiki hapa.