Kodi ya mteremko

Afande, mwenye nyumba wangu, kanitumia ujumbe WhatsApp juzi usiku: "Mama, kuanzia mwezi ujao nyumba ni 500. Sasa iko na class, hata gari inaweza panda mpaka mlango." Mia tano maana yake laki tano za Uganda, huku Kampala maelfu hayatajwi. Nalipa laki nne na nusu. Na hiyo class anayoisema ni mteremko wa zege nilioujenga kwa hela yangu, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki anasimamia, ili mimi na kiti mwendo changu tuingie ndani bila kubebwa na mtu.

Yaani nimtengenezee nyumba, halafu anitoze kodi kwa sababu imetengenezeka. Nilicheka, nikanuna, nikalala na hasira.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana kuna wadogo zangu wa Tanga na Dar hawaishi kuniuliza Kampala kukoje kwa mtu wa magurudumu. Jamani, Kampala ni milima. Mimi nimekulia Ngamiani, mitaa ina namba na ardhi imelala, ukihangaika ni mchanga na mitaro tu. Huku wanakwambia mji ulianzia kwenye vilima 7, siku hizi umeshapanda na vingine vingi. Nyumba nzuri ziko juu. Za bei ya mtu wa kawaida ziko mabondeni, na huko Bwaise mvua ikikolea maji yanaingia hadi chumbani. Katikati ya juu na chini ni ngazi.

Nilipokuja kufanya kazi ya uhasibu nilipokelewa na familia ya Kitanzania, watu wa Moshi, wema kupita kiasi. Wema wenyewe ndio uliniondoa. Mtu mzima unaoga, mwenzako kasimama nje ya mlango anauliza "dada, bado uko salama?" Nikasema natafuta kwangu.

Mliozoea kutoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo mtafurahi kusikia kwamba huku wengi wanataka mitatu. Msishangilie sana. Dalali ana hela ya kukuonyesha, ana hela ya mafuta, na nyumba ikipatikana anataka kodi ya mwezi mzima, sawa na wa kwetu tu. Wangu alikuwa kijana wa Bukavu, Kiswahili chake na changu vinakutana njiani. Ananiita yaya, kwao ndiyo dada mkubwa. Namuuliza kwenye simu, nyumba iko chini? "Iko chini kabisa, yaya." Tukaenda. Kweli ilikuwa chini kabisa: barabara iko juu, nyumba imejengwa bondeni, na kuifikia unashuka ngazi ndefu ya matofali isiyo na hata bomba la kushikia. Hakudanganya mtoto wa watu.

Naalya ndiko kulikonichoma. Tumefika getini, dalali kaenda pembeni kupokea simu, mimi nikabaki mbele ya geti. Askari akachungulia kwenye kitundu, akarudi ndani bila kuniuliza shida yangu. Aliporudi alipitisha mkono na noti ya elfu mbili. "Madamu anasema pole, siku nyingine uje Ijumaa." Nilikuwa nimevaa nguo za kazini, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni, mkoba mapajani una hela ya miezi mitatu. Ile elfu mbili niliipokea. Nikampa dalali, nikamwambia hiyo ndiyo ada yake ya kuonyesha hii.

Kwingine mama mwenye nyumba alinishika bega: bambi, yaani maskini, mwanangu, nani atakuwa anakufulia? Nikamjibu mashine. Akasema atamuuliza mume wake kwanza, na hapo nikajua nyumba imeshakwenda. Mwingine aliogopa moto ukitokea nitatokaje, kwenye nyumba yenye mlango mmoja na madirisha yote yana nondo, ambamo hata yeye asingetoka.

Mwenye nyumba ana haki yake ya kukataa mtu. Huyu hana kazi, yule ana watoto sita, wa tatu anapiga muziki usiku. Mimi sikuwahi kuulizwa nalipwa kiasi gani. Nilifika mahali natamani apatikane japo mmoja anikatae kwa ajili ya hela, nirudi zangu nimeheshimika.

Na msidhani hii ni nchi isiyo na maandishi. Katiba yao ya 1995 inataja wazi heshima na utu wa watu wenye ulemavu, bungeni tuna viti vyetu 5, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2020, na kwenye mabaraza ya mitaa kuna wawakilishi wetu. Kwa hilo nawavulia kofia. Ila mbunge haji kukushusha ngazi za Kisaasi.

Afande nilimpata Kyaliwajjala. Ni mjeshi mstaafu, Kiswahili chake cha kambini kimenyooka kuliko cha wengi hapa. Hakusema pole, hakusema bambi. Aliniangalia akauliza, "Wewe mama, kazi iko wapi? Mshahara inaingia tarehe ngapi?" Nilitaka kumkumbatia. Akataka laki tano, nikasema nne, akaapa kwa mama yake, nami nikageuza kiti kama naondoka, tukakutana kwenye nne na nusu. Hapo ndipo nilipojua nimepata nyumba.

Nyumba yenyewe: chumba, sebule, jiko, choo cha kukaa ndani. Kiti changu kina upana wa sentimita 63. Mlango wa choo ukiwa kwenye bawaba zake unaacha 62. Sentimita moja! Tuliung'oa, ikapatikana 66, nikatundika pazia, na mgeni anayeona aibu ajibane mpaka kwake. Kwa hiyo wewe unayekuja, usimuulize dalali kama nyumba ni nzuri. Mwambie apime mlango wa choo kwa tepu, apige picha ya ile namba, akutumie. Asiyekuwa na tepu asikupotezee nauli.

Mbele kulikuwa na vidaraja viwili na kizingiti, jumla sentimita 30. Hesabu ya mteremko si ya kukisia: kila sentimita moja ya kupanda, 12 za urefu. Kwa hiyo mita 3 na sentimita 60. Fundi alikuja akachora kamba ya mita moja na kidogo, ule mwinamo wa kupandishia pikipiki dukani. Nikamwambia panda wewe kwanza, kaa kwenye kiti changu ujisukume. Alikaa, akasukuma, kiti kikainua magurudumu ya mbele, akabaki anaangalia mawingu huku Afande anacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kamba ikasogezwa. Zege lilipoanza kukauka nikamwambia alipige ufagio kwa upana, libaki na mikwaruzo. Fundi akanung'unika kwamba nampotezea kazi, yeye alitaka kulilainisha ling'ae. Ling'ae, halafu mvua ya Aprili inyeshe! Saruji, mchanga, mawe, kokoto na ufundi vilinitoka laki nne na ushee.

Kidude cha kubonyezea tokeni za umeme kilikuwa juu ukutani, sikifikii hata kwa mwiko. Sikusema kitu, nilikuwa namsubiri mtoto wa jirani atoke shule. Siku moja narudi nakuta kimeshushwa mpaka usawa wa bega langu, waya umefichwa vizuri, na tundu la zamani limezibwa na kupakwa rangi. Afande kaleta fundi wa umeme, kamlipa, wala hakunitajia. Mtu ni huyohuyo.

Basi asubuhi nilimjibu. Nikamwandikia kwamba sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 hairuhusu kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kumi ya nne na nusu ni elfu 45, yeye kataka 50, hata kwenye kunionea kazidisha. Nikaambatisha risiti za saruji. Alikaa kimya hadi mchana, kisha akaja mwenyewe, akasimama juu ya mteremko wangu mikono nyuma. Tukavutana. Kodi inabaki ilivyo mpaka mkataba uishe, na mkataba mpya utaandika kwamba zege ni gharama yangu na haliingii kwenye bei. Nimesisitiza liandikwe, na mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa ya huku, agonge muhuri. Maneno ya getini na Afande ninayapenda, ila karatasi naipenda zaidi.

Usafiri ni kilio kingine. Teksi zao, yaani Hiace zetu za daladala, konda anakihesabia kiti mwendo nauli ya abiria. Wengine hawasimami kabisa. Nina dereva wangu wa gari dogo, namlipa kwa mwezi, na inauma. Ukipanga bajeti ya Kampala weka usafiri kabla ya kodi, usije ukapata nyumba nzuri ukafungiwa ndani yake.

Jirani yangu wa ukuta mmoja anahamia Mukono mwisho wa mwezi. Mlango wake unatazama mteremko huu huu, na chooni kwake hakuna kizingiti, nimeingia mwenyewe nikaona. Anayetaka aniandikie mapema, aje na upana wa kiti chake, na kwa Afande aanzie laki tatu na nusu.