Nilivyofanya kinanda cha kwaya kigeuze nota huku huku napiga

Napiga kinanda kwenye kwaya yetu hapa Mwanga, Kigoma, na nlitaka kitu kimoja tu: ule wimbo wetu wa shangwe wa kuingilia Jumapili usikike Ijumaa Kuu ukiwa umegeuzwa, yani pale sauti inapopanda ishuke, inaposhuka ipande kwa hatua zile zile, na nipige laivu. Wa kwanza kumuuliza akanambia bonyeza transpozi. Kaka, transpozi inahamisha kii, haigeuzi chochote! Mwingine, prodyuza kabisa, akasema laivu haiwezekani, rekodi afu ugeuze kwenye kompyuta. Hiyo bado inaniuma maana nlimwamini karibu mwezi mzima.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa tu. MIDI, ile lugha ya kinanda kuongea na kompyuta, inaipa kila nota namba, 0 mpaka 127, do ya katikati ni 60. Chagua nota iwe kioo, zidisha namba yake kwa 2, afu toa nota uliyobonyeza. Mimi kioo changu ni re, 62, kwahiyo 124 toa nota. Nimechagua re kwa sababu ukiangalia kinanda, kuanzia pale kwenda kulia na kushoto nyeupe na nyeusi zimepangana sawasawa. Wa sol-fa mtanielewa, kwenye kii C do inakuwa mi, fa inakuwa ti, so inakuwa la, re inabaki re. Do-mi-so inatoka mi-do-la, meja, ile ya furaha, imeshakuwa maina, ile ya huzuni, na vidole hujavihamisha! Usiku nilioliona hilo kwenye karatasi sikulala.

Programu ni Pure Data, ya bure, ya Miller Puckette, unaunganisha maboksi kwenye skrini na kila boksi lina kazi yake. Kebo ya kutoka kinanda kwenda laptopu ni ile ya USB ya printa, mimi ilinigharimu elfu kumi hivi. Ukishaunganisha boksi la kupokea nota, la hesabu na la kurudisha kwenye kinanda, umemaliza.

Sasa nikapiga, ikatoka fujo. So inalia pamoja na la, fa pamoja na ti, masikio yanauma. Siku tatu narudia hesabu, nafuta, naandika upya, umeme unakatika naendelea na betri ya laptopu. Kilichoniokoa ni re. Niligundua kila nikibonyeza re ya katikati sauti inatoka safi, nyingine nyingi zinagombana. Nikajiuliza kwanini re peke yake? Nikachomoa kebo, nikabonyeza do, kinanda kikalia do kama kawaida. Hapo ndo nikaelewa, kinanda kilikuwa kinapiga nota yangu chenyewe na hapo hapo kinapokea iliyogeuzwa kutoka laptopu, re ya katikati tu ndo zote mbili zinaangukia sehemu moja. Hesabu ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza! Nikaingia kwenye mipangilio nikazima Local Control, ile inayofanya kinanda kilie chenyewe ukibonyeza, nikarudisha kebo, nikapiga do-mi-so ikatoka maina safi kabisa, nikamwita mke wangu aje asikie.

Kuna boksi linaitwa stripnote, nlishauriwa niliweke, usiliweke hapa. Linachuja ujumbe wa kuachia kidole, nota zinabaki zinalia tu. Ule ujumbe nao una namba ya nota, upitishe kwenye hesabu ile ile.

Na usigeuze mikono yote, mimi besi ilikimbilia juu wimbo ukazama chini. Nikaweka geuza kuanzia 60 kwenda juu tu, na jibu nikaliongezea 12, yani oktavu moja juu, mkono wa kushoto napiga kodi (chords) za maina mwenyewe.

Mazoezini mwalimu wetu wa kwaya, mzee wa sol-fa tangu zamani, aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Wimbo wenyewe unaishia do, kwahiyo huku ukaishia mi, haukutulia. Nikamwambia mwalimu ngoja niongeze la ili ukae. Akasema, "Usiongeze mwanangu, uache hivyo hivyo. Do yao wataipata Jumapili."