Miaka 11 ya Malkia

Malkia, mbwa wetu wa kienyeji hapa Tabata, alikuwa na umri wa miaka 11 alipoanza kunywa maji kupita kawaida, wiki kama 6 baada ya kipindi chake cha joto, yaani cha kutaka dume. Nilidhani ni jua la Februari. Siku ya tatu alikataa hata dagaa, akajilaza barazani tumbo likiwa limejaa, na mzee jirani yetu, ambaye anampenda kweli, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu ameshakula chumvi nyingi, mwache apumzike."

Daktari wa mifugo alimbonyeza ufizi kwa kidole gumba, akasubiri wekundu urudi ili aone damu inazungukaje, kisha akampima kwa altrasaundi: mfuko wa uzazi ulikuwa umejaa usaha. Nilimuuliza kama umri wake unaruhusu upasuaji, naye akanieleza jambo ambalo sikulitarajia. Mbwa wa miaka 2 ambaye mmiliki wake bado anataka azae, ikiwa usaha unatoka nje na hali yake si mbaya, anaweza kujaribiwa dawa kwanza, lakini kwa Malkia hapakuwa na uzazi wa kulinda, na kuuacha mfuko ule ndani kulikuwa ni kumwachia sumu iendelee kuingia kwenye damu. Kwa hiyo uzee wake, ambao sisi tuliuona kuwa sababu ya kuogopa kisu, ndio ulioongeza sababu ya kukitumia.

Umri ulibadilisha namna ya kumhudumia. Damu ilipimwa kwanza ili kujua hali ya figo na ini, dripu ikatangulia, dawa ya usingizi ikatolewa kidogo kidogo, na pamoja na joto lote la Dar es Salaam alifunikwa kitenge, kwa kuwa mbwa mzee aliyelazwa usingizi hupoteza joto la mwili upesi. Watoto wa mbwa nao wana tahadhari zao: hawafungishwi chakula usiku kucha kabla ya upasuaji, kwa sababu sukari yao hushuka haraka, na dawa kama enrofloksasini, ya kuua bakteria, hukwepwa kwa kuwa inaweza kudhuru gegedu za viungo vinavyokua. (Nawasihi pia wenzangu wasimpe mbwa ibuprofeni, ile dawa ya maumivu ya nyumbani, awe na umri wowote, huharibu tumbo na figo.)

Malkia alirudi nyumbani baada ya siku 2, akaenda moja kwa moja kwenye bakuli lake.

Chini ya mbavu ana uvimbe laini wa mafuta, ambao daktari aliamua kutougusa, kwa kuwa haumsumbui na haustahili kumrudisha kwenye meza ya upasuaji. Nakubaliana naye. Aliuandika ukubwa wake kwenye kadi, nami kila mwisho wa mwezi naupima kwa vidole viwili, huku Malkia amelala barazani.