Kifuniko kilichokuwa kikicheza

Naandika kucha zikiwa bado nyeusi. Nimeziosha kwa mafuta ya taa, kwa sabuni ya unga, mwisho kwa hasira. Weusi umebaki.

Gari langu la porini ni kuukuu, la dizeli, na kwa miaka tumeishi kwa maelewano: lidondoshe oili kidogo, mimi nitandike boksi chini, tusisumbuane. Mwezi huu likavunja mkataba. Lita nzima ya oili ikapotea ndani ya kilomita 300, klachi ikaanza kuteleza mlimani, na harufu ya kuungua ikaingia hadi ndani. Oili ikishaanza kudondokea bomba la moshi, hayo si mambo ya usafi tena. Gari linaweza kuwaka.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imelowa, nikabadilisha gasketi yake. Jumamosi yote ikaishia hapo. Jumapili ikalowa vilevile. Oili hushuka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo inapodondokea sipo inapotokea. Haya nayajua siku nyingi, nimewahi hata kumhubiria jirani. Lakini gasketi mpya ikiwa mkononi, nani ana subira ya kuchunguza?

Safari ya pili nikaosha injini yote, nikaikausha, nikainyunyizia poda ya watoto, nikaiwasha dakika 20. Pembeni poda ikabaki nyeupe. Nyuma, injini inapokutana na giaboksi, nikaona kwa tochi mstari mwembamba wa kahawia ukitoka kwenye kitundu cha chini, kama njia ya siafu. Nikachovya kidole, nikanusa. Oili ya giaboksi ina harufu nzito ya salfa inayokaba koo. Hii haikuwa nayo. Basi ni sili ya nyuma ya krankshafti, ile inayozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapotokeza nyuma.

Sili yenyewe ni pete tu ya mpira, lakini kuifikia lazima ushushe giaboksi, utoe klachi, utoe na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Mimi na rafiki yangu tulitumia siku mbili, jeki mbili, na maneno ambayo hayaandikiki hapa. Sili kuukuu ilitoka ngumu kama plastiki. Nikapitisha ukucha kwenye shafti, ukanasa: mdomo wa sili ulikuwa umechimba kamfereji kembamba kuizunguka. Ningeipachika mpya palepale, mdomo wake ungekaa kwenye mfereji uleule na oili ingepita kama kawaida. Nikaiacha nje kama milimita 2 zaidi, iguse chuma kizima, upande wenye springi ukitazama ndani ya injini. Nikaigonga kwa kipande cha mbao, kidogo huku, kidogo kule, isiende mshazari. Klachi ilikuwa imelowa chapachapa, nikaweka nyingine.

Kilichonisumbua ni kwa nini ivuje ghafla hivyo. Ndipo nikakumbuka kifuniko cha kujazia oili. Kwa miezi, kila nilipokilegeza injini ikiwa inanguruma, kilikuwa kikicheza juu ya tundu lake kama cha sufuria inayochemka. Nilikuwa nikicheka, nikasema uzee.

Nikachomoa mpira wa kupumulia, ule unaotoa nje gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni. Nikapuliza. Haukupita hata ukelele. Ndani ulikuwa umejaa tope jeusi lililoganda. Injini ilikosa pa kupumulia, ikapumulia kwenye sili. Ningefunga kila kitu bila kuugusa mpira ule, hata sili mpya isingedumu.

Nimeweka mpira mpya. Jana jioni nilikilegeza kifuniko tena injini ikinguruma, kikatulia. Asubuhi nimevuta boksi nikakuta tone moja. Nimelinusa: salfa. Hilo la giaboksi, na mimi leo chini ya gari sirudi.