Soma tarakimu nne kwanza, jina baadaye

Pikipiki yangu ni Honda CBF600, na kazi yangu ni kutengeneza friji na viyoyozi vya hoteli, Malindi na Watamu. Siku za kazi naibebesha sanduku la vifaa. Mwisho wa mwezi nampakia mke wangu tunakwenda Witu kwa mama yake, safari ya kama kilomita 150: unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, Gongoni na Marereni, unafika Garsen na Minjila, kisha unashika njia ya Lamu. Nayasema haya mapema kwa sababu watu huniuliza "tairi gani zuri?" bila kunieleza wanabeba nini na wanakwenda wapi, na mimi siwezi kujibu hivyo.

Mwaka 2024 nilinunua tairi la nyuma Mombasa, kwa haraka. Lilikuwa la jina kubwa, na bei ilikuwa karibu nusu ya ile niliyotajiwa kwingine. Muuzaji alilipiga kofi mara mbili, akaniambia, "Kaka, hili jipya kabisa, tazama vinywele vyake vyote viko." Kweli vilikuwapo, vile vinywele vya mpira vinavyobaki tairi linapotoka kwenye kalibu. Nikalipa, nikalifunga nyuma kwa kamba, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Kwenye lami kavu halikunipa shida. Mwezi wa nne masika yakaanza. Asubuhi moja, manyunyu tu, tulikuwa tunatoka Gede kuja mjini, nikakamata breki taratibu kumpisha mama aliyekuwa akivuka na ndoo kichwani. Gurudumu la nyuma likaenda upande kama limekanyaga sabuni. Hatukuanguka. Lakini mke wangu alinikamata mbavu kwa mikono miwili na hakuniachia mpaka mlangoni, wala njia nzima hakusema neno. Jioni ile nililala chini ya pikipiki na tochi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami dukani sikuinama. Ubavuni mwa karibu kila tairi kuna herufi DOT, zikifuatwa na msururu wa alama, na mwishoni mwake tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Upande mmoja sikuziona, ikabidi nizunguke upande wa pili nifute vumbi kwa kidole gumba. Zilisomeka 0817: wiki ya 8 ya mwaka 2017. "Jipya kabisa" lile lilikuwa na miaka saba. Nilipolimulika tochi kwa ubavu nikaona ndani ya mifereji nyufa nyembamba sana, kama tope la bwawa lililokauka. Nikasukuma ukucha kwenye tairi la mbele: ukaingia kidogo, ukaacha alama, alama ikajifunga polepole. Nikasukuma kwenye la nyuma, ikawa kama kusukuma kigae.

Mpira huzeeka hata usipotembea. Jua, joto na hewa yenyewe huukausha na kuugandisha, na duka lenye dirisha la kioo linalotazama jua la kaskazi ni tanuri. Vinywele vinakwambia kwamba tairi halijatembea, basi. Michelin wao hushauri tairi likishapita miaka mitano litazamwe na fundi kila mwaka, na likifika kumi liondolewe hata kama bado lina mifereji. Mimi kwa joto letu la pwani sinunui tairi lililopita miaka miwili tangu litengenezwe. Huo ni mpaka wangu, na kwa hilo sina mjadala na muuzaji yeyote.

Ndiyo maana nasema bajeti ndogo si hatari kama wengi wanavyoogopa. Tairi la bei nafuu lililotoka kiwandani mwaka jana nitalichukua kabla ya tairi maarufu lililochakaa likiwa kwenye rafu.

Baada ya umri, nasoma namba za saizi. Yangu ni 120/70 ZR17 mbele na 160/60 ZR17 nyuma. Ile R ni ya radiali, yaani nyuzi za ndani zimenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na sichanganyi radiali mbele na tairi la nyuzi za mshazari nyuma, kwa sababu yanapinda kwa namna mbili tofauti na pikipiki inayumba kwenye kona. Halafu kuna namba ya mzigo na herufi ya spidi. Nyuma yangu imeandikwa 69W: 69 maana yake kilo 325, W ni kilomita 270 kwa saa. Hakuna anayekwenda 270 Gongoni, kwenye malori ya chumvi na punda. Lakini herufi ile inaeleza pia tairi linavyostahimili joto la ndani, na sisi joto ndilo letu. Sishuki chini ya kile mtengenezaji wa pikipiki alichoandika. Ukiwa na abiria na mizigo, namba ya mzigo ndiyo ya kuisoma mara mbili.

Sasa bei. Malindi maduka yamejaa tairi za bodaboda, saizi zangu hazipo, lazima uagize. Jozi ya Michelin au Pirelli nilizouliza zilipita shilingi 50,000. Niliangalia ContiMotion ya Continental, iliyotengenezwa makusudi kwa msafiri mwenye bajeti ndogo, lakini saizi ya nyuma haikuwapo wakati ule. Nikaishia kwa Shinko 011 Verge, mbele na nyuma, 29,000 pamoja na nauli ya basi. Shinko ni kampuni yenye asili ya Japani ambayo matairi yake hutengenezwa Korea Kusini, na mwaka 1998 ilinunua kalibu na ufundi wa tairi za pikipiki za Yokohama. Kabla ya kutuma pesa nilimwomba muuzaji anipigie picha ya zile tarakimu nne kwenye kila tairi. Alikubali bila kinyongo, na hapo hapo nikamwamini.

Nilichokikosa nakijua. Matairi mengi ya bei ya juu ya safari huwa na mpira wa aina mbili, mgumu katikati na laini pembeni, na vitu vilivyochanganywa kwenye mpira ili ushike lami iliyolowa wakati wa baridi. Baridi hiyo sisi hatuna. Mvua yetu huanguka kwenye lami ya vuguvugu. Ile ya katikati mgumu ndiyo ningeitamani. Kutoka Marereni hadi Garsen barabara imenyooka kama uzi, tairi linaliwa katikati tu mpaka linakuwa bapa. Ukilala kwenye kona unahisi pikipiki inakataa, halafu ghafla inakubali yote kwa pamoja. Mpira wa aina moja, kama wa Shinko zangu, utafika huko mapema. Nimekubali, kwa sababu tofauti ya bei inaninunulia karibu jozi ya pili.

Siku ya kufunga, fundi alipotoa tairi la zamani aliniita. "Njoo uone, bwana." Kwenye ukingo wa rimu, pale tairi linapokaa, alumini ilikuwa imeota ukungu mweupe wa chumvi. Miezi yote ile upepo ulikuwa ukipungua kidogo kidogo na mimi namlaumu fundi wa pancha. Alisugua kwa brashi ya waya, kisha msasa laini, akabadilisha na valvu, akapaka maji ya sabuni tairi likaingia bila kukwaruza. Mtu wa pwani asiruke hatua hii.

Kilomita 160 za mwanzo nilikwenda taratibu, maana tairi jipya huteleza mpaka ngozi yake ya juu itoke. Upepo napima alfajiri kabla sijatembea hata hatua moja: 36 mbele, 42 nyuma, kwa kipimo cha PSI. Nina geji yangu. Kituo kimoja cha mafuta nilikuta pampu yao inazidisha 5, yaani wanaoitegemea wanatembea na tairi laini, na tairi laini ndilo linalojipika. Nikifika Garsen adhuhuri ile 42 inasoma 47, na siipunguzi. Gesi ikipata joto hutanuka, hayo nayaona kazini kila siku.

Nimefikisha kilomita 6,400. Katikati ya la nyuma pameanza kuwa bapa, naona kwa kuweka rula. Mwezi uliopita mvua ilitukuta baada ya Minjila, nzito hasa, ukawa mwendo wa taa. Kwenye kona za kuingia Witu mke wangu alikuwa ameshika mkanda wa begi kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia kitambaa chake kisipeperuke.