Manjano, sabuni na tochi ya kukagulia noti: ninavyoonyesha molekuli zikijipanga

Kwa wanaofundisha kemia skuli za Unguja na Pemba: kuona molekuli zikijikusanya zenyewe hakuhitaji mashine ya mamilioni. Mimi natumia manjano. Rangi yake, kurkumini, hung'aa kijani-njano ikipigwa mwanga wa zambarau, ila ndani ya maji matupu mng'ao huo hufifia karibu kupotea, kwa sababu molekuli iliyopata nishati huimwaga kwa kuhamisha protoni kabla haijatoa mwanga. Ikipata pa kujificha maji, inawaka.

Nunua mzizi mkavu, soko la Darajani umejaa, usage mwenyewe. Unga wa kufungwa huwezi kujua umechanganywa na nini. Gramu 1 katika mililita 20 za ethanoli ya asilimia 95, tikisa, acha nusu saa, chuja. Spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko haifai, rangi yake inameza mwanga. Manjano yana kurkumini asilimia 3 hivi, kwa hiyo kila mililita ya dondoo, yaani kimiminika ulichochuja, haina zaidi ya miligramu 1.5 za kurkumini. Izungushie chupa foili, maana mwanga huivunja kurkumini.

Sabuni ninayoitegemea ni SDS, sodiamu dodesili salfeti. Kichwa chake kinapenda maji, mkia wake wa kaboni 12 unayakimbia. Zikiwa chache, kila molekuli inajitegemea. Zikikaribia gramu 2.4 kwa lita hukusanyika sitini sitini hivi, mikia ndani, vichwa nje. Hiyo ndiyo miseli, na kurkumini hujipenyeza humo.

Tengeneza SDS ya gramu 10 kwa lita, kisha uipunguze kwa maji katika testityubu sita: gramu 0, 1, 2, 3, 4 na 6 kwa lita, kila moja mililita 10. Tia mililita 0.1 ya dondoo kwa sirinji ndogo, pindua taratibu usitoe povu. Zima taa, piga ile tochi ya kukagulia noti, yenye mwanga wa zambarau wa nanomita 395, kutoka ubavuni, utazame kupitia plastiki ya njano ili zambarau isikudanganye. Ya 0 na ya 1 zina njano iliyofifia tu. Baina ya 2 na 3 ndipo panapobadilika, na tofauti inaonekana kwa macho.

Maji ndiyo yanayoharibu mara nyingi. Ya kisima cha mawe ya matumbawe yana kalsiamu, nayo hushika SDS ikatoka kama nyuzi nyeupe. Tumia ya mvua au yaliyotoneshwa. Usiweke friji pia: chini ya nyuzi joto 16 hivi SDS hugeuka fuwele, joto letu la kawaida linatosha kabisa. Sabuni ya mche ni alkali, inaigeuza kurkumini nyekundu na kuivunja kwa dakika chache. Unga wa kufulia una king'arishi kinachotoa bluu yake, kwa hiyo sabuni yoyote mpya ipige tochi kwanza bila manjano.

Usidhani kila rangi hutaka kutengwa ndani ya miseli ndipo ing'ae. Mwaka 2001 kundi la Ben Zhong Tang, Hong Kong, lilieleza siloli, molekuli zenye pete ya kaboni na silikoni, ambazo hung'aa khasa zikirundikana: pete zake za fenili (za kaboni sita), zinazozunguka na kupoteza nishati, hubanwa zisizunguke.

Jaribio linalonifurahisha zaidi ni la chumvi. Chukua testityubu ya gramu 1 kwa lita, ile isiyong'aa, utie miligramu 60 za chumvi ya maabara. Ya jikoni huenda ina vitu vingine. Vichwa vya SDS vina chaji hasi na husukumana. Sodiamu ikizidi hupunguza msukumano huo, na miseli huanza kwenye gramu 0.4 hivi kwa lita. Pindua, piga tochi: inawaka. Ikiwa mwanga umebaki kwenye ukingo wa kioo tu, dondoo limezidi na rangi inameza mwanga kabla haujafika ndani; rudia na nusu yake.